Daftari la Maswali: Kutoka Nakuru Hadi Kwa Shiundu

Mpwa wangu ana miaka 11 na daftari la kurasa 96. Mamake alilinunua la hesabu za likizo, lakini ukilifungua hukuti hesabu hata moja. Ni maswali matupu, yameandikwa kwa kalamu ya kijani, mengine yamepigiwa mstari mara mbili kwa hasira. La kwanza kabisa linasema: "Sisi Waswahili tunafanya nini Nakuru na bahari iko Mombasa?" Dada yangu alimwambia amuulize mjomba, yaani mimi. Mjomba akasema tutamuuliza bibi. Bibi ni mama yangu mdogo, anaishi Mumias, na likizo ya Agosti ilikuwa imefika. Basi tukafunga safari, mimi na yeye na daftari.

Siku ya kwanza: Nakuru

Nilitaka tuanzie nyumbani, maana sisi watu wa Bondeni, mtaa wa Nakuru, tuna tabia ya kuwaelekeza wageni Hyrax Hill na wenyewe hatufiki. Ni kama kilomita 4 tu kutoka mjini, upande wa barabara ya Nairobi. Kilima kilipewa jina la pimbi. Hatukuona pimbi hata mmoja; tuliona mijusi wa rangi rangi wakipiga pushapu juu ya mawe, na hilo likaingia daftarini mara moja: "Mijusi wanafanya zoezi la nini?"

Kilichomkamata ni bao. Juu ya jiwe lenyewe, si ubao, kuna vishimo vilivyochongwa kwa safu, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza ya wazee pale kwetu anavitambua bila kuambiwa. Alipiga magoti akaanza kuvihesabu, kisha akaokota kokoto akacheza dhidi yake mwenyewe na kushindwa. "Mjomba, hawa walikuwa na nafasi," akasema. "Kuchonga jiwe ili ucheze tu!"

Mahali hapa palichimbwa na mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937, na chini yake kuna makaburi na makazi ya zama zilizopishana kwa maelfu ya miaka. Zipo pia zile ziitwazo mashimo ya Sirikwa: mabonde madogo ya mviringo ambayo mtu angeyapita akidhani ni machimbo ya kokoto. Yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilazwa ndani ya shimo, na nyumba ya mwenyewe ikajengwa kando, imeungana nalo. Mpwa wangu alilizunguka moja mara tatu, akatoa hukumu kwamba mwizi lazima angepitia mlangoni kwa mwenye nyumba. Sijasoma maelezo bora kuliko hayo.

Alasiri tulipanda Menengai. Ukisimama ukingoni huoni kreta, unaona nchi nyingine iliyozama: kilomita 12 kwa 8, msitu, lava nyeusi, na mvuke unaofuka huku na huku. Wakikuyu wanauita Kirima kia Ngoma, mlima wa mashetani. Wamaasai nao wanasimulia vita vya karne ya 19 kati ya makundi yao mawili, Ilpurko dhidi ya Laikipia, na walioshindwa kutupwa humo. Ule mvuke ndizo roho zinazotafuta njia ya kutoka. Tangu 2011 mitambo inachimba mvuke huohuo ili utoe umeme.

Pale juu palikuwa na kijana muuza mahindi ya kuchoma. Alikuwa akiwaeleza wageni wawili wenye kamera jinsi mizimu inavyolima mashamba kule chini usiku. Walipoondoka, mpwa wangu akamsogelea. "Kaka, umewahi kuwaona?"

"Mimi nimeona mvuke. Na mbuzi waliopotea."

"Mbona umewaambia hivyo?"

"Wametoka mbali, dada yangu. Utampa mgeni mbuzi waliopotea?"

Aliliandika jibu hilo lote, neno kwa neno. Nami sikujua bado kwamba litatufuata safari nzima.

Siku ya pili: njiani

Steji ya Nakuru, saa moja asubuhi, tunangoja gari lijae. Swali: kwa nini matatu inaitwa matatu? Hili nilikuwa nalo. Magari hayo yalipoanza, nauli ilikuwa mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti 10. Makanga alitusikia akacheka hadi akashika mlango: "Leo nikikudai mapeni matatu utapanda na familia nzima." Nauli yenyewe sitaitaja, nisije nikalia tena.

Salgaa, Mau Summit, baridi ya kupasua midomo, Londiani. Kericho na chai yake yote, kijani kama zulia, mpwa wangu aliipita amelala na mdomo wazi. Aliamka Awasi, joto limetupiga usoni kama mlango wa tanuri, na kulia kwetu ukuta wa milima ya Nandi umesimama. Akauliza kule juu kuna nini.

Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka. Alikuwa Mnandi, na kwa jinsi alivyogeuka ungedhani amekuwa akilingoja swali hilo tangu Nakuru. Alisimulia habari za orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wanandi, aliyetabiri nyoka wa chuma atakayetoka ziwa la mashariki akitema moto, aje anywe maji ya ziwa la magharibi. Kisha mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliyeongoza vita dhidi ya Waingereza kwa miaka mingi. Wanandi waling'oa waya wa simu wakafanya bangili, wakachukua vyuma vya reli wakafua silaha. Mwisho wake, Oktoba 19, 1905, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, akampiga risasi hapohapo. "Hatukushindwa," mama akasema. "Tulidanganywa."

Gari lilikuwa kimya. Mpwa wangu akauliza: "Waya ukipitishwa kwenu bila ruhusa, ni wa nani?"

Gari zima likaangua kicheko, mama yule naye, na dereva akasema mtoto huyu apelekwe bungeni.

Siku ya tatu: Kisumu

Tulifikia Manyatta, kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Mama yake anakaa naye, mzee wa miaka yake mingi, na tangu jana amekuwa akimwita mpwa wangu nyakwara, mjukuu wangu.

Asubuhi tulikwenda reli inapoishia. Ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika hapa ziwani Desemba 20, 1901, na aliyepigilia msumari wa mwisho alikuwa Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia ulazaji wa reli. Ndiyo maana pakaitwa Port Florence. Jina halikukaa. Wenyeji walikuwa na lao: kwenda kisuma ni kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, na hapa palikuwa pa kubadilishana hivyo, Mluo na Mluhya na Mnandi, kabla ya Florence kushika nyundo.

"Lakini mjomba, ilikuwa reli ya Uganda. Mbona imeishia Kenya?"

Nilifurahi hadi nikakaa chini. Kwa sababu haikuishia Kenya! Mwaka 1901 pwani hii ya ziwa ilikuwa Uganda, katika Mkoa wake wa Mashariki, na mkoa huo ulikwenda mpaka upande wa Naivasha. Ni mwaka 1902 ndipo Waingereza walipousogeza mpaka kwa kalamu. Reli ilifika Uganda. Uganda ndiyo iliyoondoka.

"Na Nakuru?"

"Na Nakuru."

"Kwa hivyo bibi alizaliwa Uganda?"

"Bibi hajazeeka hivyo, na usimwambie umeuliza."

Mchana tukala samaki aina ya ngege Dunga, ufukweni, mzima, wa kukaangwa, na ugali. Meza ya jirani alikaa babu mvuvi ambaye meno yake ya chini ya mbele hayakuwepo, yote sita, pengo safi kama limepimwa. Nilimkanyaga mpwa wangu mguu chini ya meza. Sikuwahi.

"Shikamoo babu. Meno yako yalikwenda wapi?"

Babu hakuudhika hata kidogo. Ni nak, akasema. Ndivyo Mluo alivyoingizwa ukubwani zamani, hakutahiriwa, aling'olewa meno sita ya chini. Ukifa vitani ugenini watakujua ni wa kwao. Na ukishikwa na pepopunda, taya zikafunga, utapitishiwa uji pengoni usife njaa. Yeye alikuwa miongoni mwa wa mwisho mwisho. Kisha akamwonyesha mpwa wangu, si meno tena, bali ziwa: alipokuwa mdogo palijaa fulu, samaki wadogo wa kila namna, hadi mbuta, yaani sangara, alipoletwa na wazungu miaka ya 1950 akawamaliza wengi wao. "Sasa mbuta anapandishwa ndege kwenda Ulaya," akasema, "mimi nimebaki na omena, hawa dagaa."

Na ugali je? Hapo nilichomekea mimi. Mahindi yalitoka bara la Amerika, yakafika pwani yetu na Wareno, na huku bara yamekuwa chakula kikuu katika karne iliyopita tu. Kabla yake ilikuwa wimbi na mtama. Mpwa wangu aliutazama ule ugali mweupe kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Tukirudi, pikipiki ilipita karibu na hospitali kuu na dereva akasema, "Hapa ni Russia." Mtoto akataka kujua kwa nini. Nikamwambia ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Jibu la kweli, na fupi makusudi.

Usiku, mama wa rafiki yangu alimtuma kwanza dukani maziwa. Mlango ulipofungwa akaniambia: "Ulimjibu vizuri, lakini mwenyewe unajua?" Nilijua kwa kusoma. Yeye alikuwa pale. Oktoba 25, 1969, Mzee Kenyatta alikuja kuifungua hospitali hiyo, yeye na Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, wakarushiana maneno hadharani, watu wakapiga kelele, risasi zikaanza. Serikali ilihesabu maiti 11. Yeye alihesabu viatu vilivyobaki barabarani, akaacha kuhesabu. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku na mwenyewe akawekwa kizuizini.

Maziwa yalifika. Tukaongea habari za maziwa.

Siku ya nne: Kit Mikayi na Maseno

Kit Mikayi ni jiwe la mke mkubwa. Mawe makubwa mno yamepandana kando ya barabara ya Bondo, na mwongozaji alituonyesha lipi ni mikayi, mke wa kwanza, lipi nyachira wa pili, lipi reru wa tatu. Wanasimulia mzee aitwaye Ngeso aliyelipenda jiwe hilo hadi akawa analala pangoni kutwa, na mkewe kumletea chakula humohumo. Watu wakimuulizia mzee, jibu likawa yuko kwenye jiwe la mikayi. Ndani palikuwa na akina mama waliovaa kanzu nyeupe wakisali na mishumaa. Mpwa wangu alinong'ona kama mke wa pili naye alipeleka chakula. Mwongozaji akasema hilo hajawahi kuulizwa.

Yeye mwongozaji alikuwa Odhiambo. Mpwa wangu alikwisha kukutana na Otieno, Ochieng, Akinyi na Atieno wawili, kwa hivyo swali lilikuwa limeiva: mbona O na A kila mahali? O ni mvulana na A ni msichana, na kinachofuata mara nyingi ni saa uliyozaliwa. Akinyi asubuhi, Onyango jua likipanda, Ochieng jua kali, Odhiambo jioni, Otieno usiku. Okoth ni mvua. Opiyo na Odongo ni pacha, wa kwanza na wa pili, na anayewafuata ni Okello. Nikamwongezea kwamba Wabukusu nao wana Wafula wa mvua na Nekesa wa mavuno, na Wakalenjin wana Kiptoo, aliyezaliwa wageni wakiwa wamefika.

"Mimi nilizaliwa saa ngapi?"

Nilimpigia dada yangu simu. Saa nane usiku. Toka hapo hadi Maseno hakuitikia jina lingine isipokuwa Atieno.

Maseno ina kibao cha Ikweta kando ya barabara, na shule iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906. Baba yake Obama alisoma hapo. Tulisimama mguu huku mguu kule kama kila mtu. Akaniuliza kama ni kweli maji huzunguka kushoto upande mmoja na kulia upande wa pili, maana rafiki yake alionyeshwa Nanyuki kwa beseni. Si kweli. Mzunguko wa dunia hausukumi beseni. Mkono wa anayemimina ndio unaosukuma. Nilisema kwa sauti ya chini, watu wale nao wana watoto wa kulisha.

Swali zuri lilikuja baada ya hapo. "Simu yako inasema saba. Wewe unasema saa moja. Nani mwongo?"

Nikamwambia atazame mstari anaousimamia. Hapa jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hivyo mtu anaweza kuanza kuhesabu linapochomoza: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Waganda wanahesabu hivyo, Waethiopia pia. Mtu wa London hawezi. Kwake Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku, na Desemba kabla ya saa kumi jioni. Angekuwa anarekebisha saa kila wiki. Akafikiri, akaandika: "Saa ya simu ni ya watu wasio na jua la kutegemea."

Siku ya tano: Kakamega

Mvua. Jiwe Linalolia la Ilesi, mwamba unaotiririka maji kama machozi, lilikuwa linalia kweli, lakini siku hiyo kila kitu kilikuwa kinalia, hata viatu vyangu. Hatukushuka kulitazama vizuri.

Tulijificha hotelini Kakamega tukaagiza kuku, kwa kuwa ukifika Uluhyani usipokula kuku utaulizwa umekosana na nani. Sahani ilipokuja, firigisi iliwekwa upande wangu. Mpwa wangu aliona. Mhudumu akamweleza kwamba hiyo, imondo, ni ya mwenye nyumba. Mke akimnyima mume imondo, wazee wanaitwa. "Na mjomba hana nyumba hapa," akajibiwa. Tuligawana.

Siku ya sita: Mumias

"Hodi!"

"Karibu, karibuni! Mwanangu, na huyu ndiye yule?"

"Shikamoo bibi. Mimi ni Atieno."

"Marahaba, mume wangu alikuwa na shangazi Atieno," bibi akasema bila kushtuka, akatuingiza ndani kwenye mkeka, na wali ulikuwa tayari.

Daftari lilifunguliwa ukurasa wa kwanza kabla ya kunawa mikono. Bibi alisoma swali polepole, akavua miwani. Akasema: sikiliza. Kabla ya reli, watu walitembea. Misafara ilitoka Mombasa na Pangani, miezi kwa miezi, wapagazi na shanga na vitambaa na bunduki, ikitafuta pembe za ndovu. Huku ilikuta dola ya Wawanga, yenye mfalme, Nabongo, na mfalme aliwapokea. Nabongo wa wakati huo alikuwa Shiundu, ndiyo maana wasafiri wakapaita Kwa Shiundu, na Wazungu wakiandika Kwa Sundu. Msafiri wa Kizungu, Joseph Thomson, alifika 1883 akamkuta mwanawe, Mumia, ndiye ametawala, muda mfupi tu baada ya babake kufa. Askofu Hannington alipita 1885 akaenda kuuawa Busoga. Mumia aliwakaribisha wote, Waswahili kwanza, Waingereza baadaye. 1909 Waingereza wakamfanya chifu mkuu, na akaishi hadi 1949. Waswahili wengine hawakurudi pwani. Waliona maji ni mengi na ardhi ni nzuri, wakaoa, wakajenga msikiti, wakafundisha dini, na Mumia mwenyewe akasilimu. Reli ilipokuja wajukuu wao wakatawanyika, Kisumu, Nakuru, Bondeni. "Ndio sisi. Tulikuja na biashara."

Mpwa wangu aliandika kurasa mbili na nusu. Aliuliza tu kama ndovu wa pembe hizo walikuwa wa nani, bibi akacheka akampa kashata.

Usiku, taa imezimwa na mtoto amejikunja kwenye godoro pembeni, bibi alinimiminia chai ya tangawizi ya mwisho. Alikaa kimya kitambo.

"Lile jibu la mchana ni la mtoto," akaniambia kwa sauti ndogo. "La nyumbani ni jingine. Si wote walikuja na biashara. Bibi yangu mzaa mama, yeye ndiye alikuwa biashara."

Alikuwa msichana mdogo, mdogo kuliko huyu. Alitoka upande wa kaskazini, kwa watu gani hakuwahi kusema, huenda alisahau, huenda hakutaka. Alibadilishwa na nguo na shanga. Msafara ulipofika hapa alikuwa na homa, hawezi kutembea, na mgonjwa hana bei, wakamwacha kwa mwanamke mmoja wa Kiwanga. Akapona. Akakua, akasilimishwa, akaolewa na mpagazi aliyekataa kurudi pwani. Jina tunalomjua nalo ni alilopewa hapa. Lile la kwanza, mama yangu mdogo alimuuliza mara moja tu, akiwa mtoto mwenyewe. Bibi yake akaendelea kupepeta mchele kana kwamba hakusikia.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia sasa, nina miaka 43.

"Kwa sababu mtoto ameuliza. Ninyi hamkuuliza."

Siku ya saba: steji ya Mumias

Bibi alitusindikiza na gunia dogo la wimbi, "ili ajue ugali wenyewe." Gari lilikuwa na viti viwili vilivyobaki. Mpwa wangu hakusema neno tangu alfajiri, jambo lililonitia wasiwasi kuliko maswali yote. Tulipokaa alifungua daftari magotini, akanisogezea. Chini ya zile kurasa mbili na nusu kulikuwa na mstari mmoja mpya, wa kijani, haukupigiwa mstari chini:

"Bibi wa bibi alizaliwa saa ngapi?"